Mpaka Mkuu Apatikane

Kila mwaka, siku ya Mapitio, taarifa ya mwaka inaposomwa mbele ya watu wote, kiti cha Mkuu wa Chuo kilitolewa ofisini, kikabebwa na wanaume wanne walioshiba vizuri, kikapandishwa jukwaani, kikafutwa vumbi, na hakuna aliyekikalia. Kilichongwa na wanafunzi wa useremala wa zamani, enzi zile mbao zilipokuwa mbao. Uzito wake si wa kuhadithia: wanasema siku kilipowekwa ofisini mara ya kwanza, sakafu ilishusha pumzi. Kilikuwa na mikono minene, mgongo mrefu kama mlango, na mto wa ngozi nyekundu ambao kwa miaka ulikuwa haujaonja makalio ya mtu.

Pembeni yake, kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mmoja uliolegea, alikaa Kaimu.

Jina alikuwa nalo, bila shaka. Mama yake hakumzaa akamwita Kaimu. Lakini alikuwa amekaimu nafasi ya Mkuu kwa muda mrefu hata cheo kikamganda kama gundi ya fundi viatu. Walimu walimwita Kaimu, wanafunzi Mama Kaimu, na mumewe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, alimwita Kaimu wa Nyumba, hasa chakula kilipochelewa.

Mkuu mwenyewe aliaga siku nyingi kwenda semina ya uongozi bora. Hajarudi mpaka leo. Wapo wanaosema bado anajifunza. Baraza la Chuo lilimsubiri kwanza kwa heshima, halafu kwa mashaka, halafu likatangaza nafasi, halafu likagombana juu ya nani akae kwenye usaili. Katikati ya ugomvi huo, mwanamke aliyekuwa akifundisha ufundi bomba akaambiwa ashike usukani "wiki mbili tatu hivi."

Wiki ya kwanza tu alimkuta mwanafunzi amekaa chini, nje ya dirisha la darasa, mtoto mchanga yuko titini, daftari liko gotini, shingo ameivuta kama twiga ili aone ubao. Ndani walikuwa wamemkataza kuingia na mtoto. Kaimu alikwenda kuitazama stoo ya madawati mabovu, akaona ina madirisha mawili na bomba la maji, akapeleka hoja kwenye Baraza: tuitoe takataka, tuweke watoto.

Mwenyekiti wa Baraza alikuwa mkandarasi mstaafu, mtu wa kupenda vitu vilivyonyooka. Akamjibu, "Kaimu habadilishi kitu, bibie. Kaimu anashikilia."

Kaimu akarudi nyumbani, akalala nalo, akaamka na sentensi moja: *Kwa muda, mpaka Mkuu apatikane, stoo ya madawati itatumika kama chumba cha watoto.*

Ikapita bila hata kikohozi. Nani apoteze nguvu kupigana na kitu ambacho kitakufa chenyewe?

Hapo ndipo alipoujua ufunguo wa chuo kile. Ukisema "tubadilishe," walimu wanakunja ndita, Baraza linaomba muda wa kutafakari, na hoja inazeekea mezani. Ukisema "kwa muda," hata mlima ungejisogeza kidogo upishe. Kwa muda, mpaka Mkuu apatikane, lango la nyuma likafunguliwa ili wanafunzi wa upande wa pili wasizunguke ukuta mzima. Kwa muda, aliyeanguka somo moja akarudia somo hilo moja badala ya mwaka wote. Kwa muda, wanafunzi wawili wakaketi kwenye kamati ya nidhamu, na tangu waketi, kamati ikaacha kumfukuza mtu kabla ya kumsikiliza. Kila jambo lilikuwa na mkia uleule. Mwisho wa siku chuo kizima kilikuwa kinaishi kwa muda, na kinaishi vizuri kuliko kilivyowahi kuishi kwa kudumu.

Basi mwaka huu, wiki moja kabla ya Mapitio, Mwenyekiti aliingia ofisini kwake bila kubisha hodi, ana tabasamu la mtu aliyeficha zawadi mgongoni.

"Kaimu, keti."

"Nimeketi, Mwenyekiti."

"Basi keti vizuri. Baraza limekubaliana. Ule ugomvi umekwisha. Siku ya Mapitio, ukifika sehemu ya utawala, hutasoma tena kwamba nafasi ya Mkuu iko wazi. Utasoma: imejazwa. Sisi tutainua mikono palepale, mbele ya watu, na wewe utahama hicho kiti chako cha msiba."

Kaimu alimshukuru kwa sauti ya kawaida. Alimsindikiza mpaka mlangoni, akafunga. Kisha akaenda pale pembeni kilipokaa kile kiti kikubwa, akaweka kiganja juu ya mto mwekundu, akaubonyeza. Ukapanda tena taratibu, kama unga uliokandwa. Hakukikalia. Lakini alisimama pale muda mrefu kuliko mtu mwenye kazi nyingi anavyopaswa kusimama.

"Lakini lazima mzee awepo," Mwenyekiti alikuwa amemwambia pale mlangoni. "Umkumbushe."

Mzee huyo waliyemwita Mzee Akidi alikuwa mjumbe mkongwe kuliko wote, na jina alilipata kwa sababu Baraza lilikuwa limepungua sana: mmoja kahama, mmoja mgonjwa, wawili hawaketi meza moja. Bila yeye idadi haikutimia, na bila idadi hakuna uamuzi. Tatizo lake lilikuwa moja. Alikuwa na ugomvi binafsi na mvua. Akiona wingu tu, anachukua mwavuli wake na kuondoka, hata kama mkono wake uko juu unapiga kura. Alijigamba kwamba tangu aote meno ya utu uzima hajaloweshwa na tone, na kwamba msiba wa kaka yake mwenyewe aliuhudhuria kwa awamu.

Nyumbani siku hiyo ilikuwa furaha. Mumewe alimsimamisha katikati ya sebule na utepe wa kupimia shingoni, akaanza kumkatia gauni la kijani kibichi la siku ya Mapitio. Mama yake Kaimu, ambaye sikio moja lilikuwa limestaafu, alikaa kwenye kochi akifuata mambo kwa macho.

"Amekuwa nini?" aliuliza.

"Mkuu, mama!" mkwewe alimpazia sauti. "Atakuwa Mkuu! Mkuu wa Chuo!"

"Si alikuwa Mkuu siku zote? Mimi majirani wote nimeshawaambia."

"Uliwatangulizia habari, mama. Sasa imewafuata." Akageuka kwa mkewe, pini mdomoni. "Nyoosha mkono. Nitaacha pindo nene hapa kiunoni, maana cheo kinanenepesha. Ehe. Kwa hiyo wewe ndiye yule Mkuu aliyekuwa akisubiriwa miaka yote. Makubwa! Mtu anajisubiri mwenyewe, anajiandikia 'mpaka apatikane,' kumbe yuko hapa ananipikia ugali. Basi siku hiyo upigiwe kengele: jamani, kapatikana!"

Kaimu alicheka. Kisha kicheko kikamkwama njiani, kama mfupa wa samaki.

"Umesemaje?"

"Nimesema cheo kinanenepesha."

"Hapana. Baada ya hapo."

"Kwamba umepatikana." Alitoa pini mdomoni. "Vipi, nimekuchoma?"

Hakuwa amemchoma na pini. Kaimu aliona mipango yake yote imejipanga foleni mbele yake, na kila mmoja umeshika mkia wake mkononi. *Mpaka Mkuu apatikane.* Siku atakapohamia kiti kile, chumba cha watoto kinafungwa. Lango la nyuma linafungwa. Wanafunzi wanatoka kwenye kamati. Hakuna mtu atakayekuwa ameviua. Yeye mwenyewe alivizaa vikiwa na siku ya kufa.

Asubuhi alimfuata Mwenyekiti, ambaye alikuwa uwanjani akikagua kama mistari ya chokaa imenyooka.

"Kweli," Mwenyekiti alisema baada ya kufikiri. "Mipango ya muda inakoma. Taratibu za zamani zinarudi."

"Basi nikishakuwa Mkuu nitaipitisha upya."

"Utaipitisha, nani atakuzuia? Ila si mwaka wa kwanza. Mkuu mpya mwaka wa kwanza yuko kwenye matazamio, hagusi utaratibu. Ni mwaka mmoja tu, Kaimu. Mwaka ni nini? Mwaka ni kufumba na kufumbua."

Kaimu alijua mwaka ni nini. Kwa msichana mwenye mtoto mgongoni, mwaka ni mlango. Ukiufunga, ukija kuufungua tena, wa kuingia hayupo. Yuko sokoni, au yuko kwa mama mkwe, au ana mtoto wa pili. Yule aliyemkuta chini ya dirisha alikuwa amekwisha hitimu, na sasa alifunga mabomba kwenye majumba marefu. Nyuma yake walikuja wengine. Mmoja alikuwa rais wa wanafunzi mwaka huu, binti wa fani ya umeme, mrefu, mkali, mwenye mtoto wa kike aliyeanza kutembea juzi na tayari ana maadui.

Na wakati huohuo, Kaimu alikitaka kile kiti. Tusimpambe. Alikitaka kwa ajili ya mama yake na majirani wa mama yake. Alikitaka kwa ajili ya zile Siku za Mapitio alizosimama na kusoma kwa sauti kwamba nafasi aliyokuwa akiifanyia kazi usiku na mchana ilikuwa wazi, kana kwamba yeye ni upepo. Jaribu wewe kusimama mbele ya watu na kutangaza kwamba hupo.

Alikuwa bado amesimama pale uwanjani Mwenyekiti alipopiga kelele na kuruka mstari wake mwenyewe wa chokaa.

"Huyu mnyama! Huyu mnyama hafi?"

Alikuwa ni bata bukini wa chuo. Huyu bata ana historia, na ni lazima niieleze. Chuo kile kilikuwa na desturi: Mapitio yalisomwa sehemu tatu, kwanza Utawala, halafu Wanafunzi, mwisho Mafanikio. Kila fanikio likisomwa, ukumbi mzima, wanafunzi, walimu, wazazi na Baraza, unatakiwa kujibu. Wakisema "Tumepokea!" jambo lile linakuwa mali ya chuo, na hakuna Mkuu wala Baraza wa kuligusa mpaka Mkutano wa mwaka mwingine uliachie. Desturi nzuri, ila watu waliitumia ovyo. Zamani sana fani ya ufugaji, kwa kukosa cha kuonyesha, ilileta fanikio la bata bukini mmoja. Watu walikuwa na njaa, wakasema "Tumepokea" ili waende kula. Tangu hapo bata yule alikuwa hafukuziki. Alichana suruali za walimu, alimfukuza mkaguzi mpaka juu ya gari lake, na kila mwaka hoja ya kumwachia ilishindwa kwa sababu wanafunzi walimpigia kura kwa kishindo. Wapo wanaoapa kwamba bata yule alikuwa na umri mkubwa kuliko chuo.

Kaimu alimtazama bata. Bata alimtazama Kaimu, akatoa ule mlio wake kama tairi linalovuja.

"Hafi," Kaimu alisema polepole. "Alipokelewa."

Miaka yote alikuwa ameisoma mipango yake chini ya Utawala, kwenye kifungu cha "mambo ya muda," kwa sauti ya chini, kama mtu anayepita na viatu mkononi. Hakuwahi kuiita mafanikio. Aliona aibu, kitu cha muda unakiitaje fanikio? Sasa aliona pia ubaya wa mpangilio. Utawala husomwa kwanza. Akisoma kwamba nafasi imejazwa, mipango inakufa palepale, na atakapofika kwenye Mafanikio atakuwa anaombea maiti ipokelewe.

Alirudi ofisini akaanza kuandika Mapitio upya, na safari hii akaanzia mwisho.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Bati lilikuwa linanguruma kwa joto, feni moja inazunguka kwa uvivu, nyingine imekata tamaa. Mama yake Kaimu alikaa mstari wa mbele, kilemba kimesimama wima, mkwewe pembeni akimtafsiria kwenye sikio zima. Jukwaani kulikuwa na kiti kikubwa, kile cha plastiki, meza, na wajumbe wa Baraza. Mzee Akidi alikaa kwenye kona, mwavuli katikati ya magoti, jicho moja kwa Kaimu na jingine dirishani.

"Mwanangu," alimnong'oneza Kaimu alipopita, "gauni limekupenda. Soma upesi. Lile wingu la kule sijalielewa nia yake."

Kaimu alishika kipaza sauti. "Ndugu wazazi, walimu, wanafunzi na wajumbe. Mwaka huu nitasoma Mapitio kutoka nyuma. Nitaanza na Mafanikio."

Mwenyekiti aligeuza shingo. Lakini hakuna kanuni iliyosema yasomwe kutoka wapi, na yeye alikuwa mtu wa kanuni. Akatikisa kichwa kidogo: endelea.

"Fanikio la kwanza. Aliyeanguka somo moja anarudia somo moja. Wengi waliokuwa wameacha chuo wamerudi na wamemaliza."

"Tumepokea!" wanafunzi waliitikia hata bati likatikisika. Walimu wachache walinung'unika, wakachelewa kuitikia.

"La pili. Wanafunzi wawili kwenye kamati ya nidhamu."

Hapo mwalimu wa hesabu alisimama. "Samahani, Kaimu. Si hili tuliambiwa ni la muda?"

"Ndiyo, Mwalimu. Sasa naomba lipokelewe."

"Kwa hiyo ni la milele?"

"Mpaka Mkutano uliachie."

"Mimi nilivumilia kwa sababu nilijua litapita!"

"Umevumilia vizuri, Mwalimu," sauti ya rais wa wanafunzi ilitoka nyuma, mlangoni, alikosimama na mtoto mgongoni. "Hata hatukujua kwamba unavumilia. Tulidhani unatupenda."

Ukumbi ukacheka, mwalimu wa hesabu naye akacheka bila kupenda, akakaa. Wakapokea.

Kosa la Kaimu, na alilitambua sasa hivi akiwa amesimama pale jashoni, lilikuwa kudhani kwamba kitu ambacho watu wameishi nacho miaka yote watakipokea kwa dakika. Kumbe mtu huishi na jambo kwa amani maadamu ana hakika litaondoka. Mwambie ni la kudumu, utamwona anaanza kulipima upya, kama mgeni aliyesema atahamia.

Na aliposema la tatu, lango la nyuma, ndipo mkutano ulipochafuka. Nidhamu ya chuo ilichukua maneno ya watu wawili. Lango lilichukua ya ishirini. Nani atakaa na ufunguo? Mbona bata anatokea huko? Mzazi mmoja alitaka kujua kama lango litapakwa rangi. Mwingine akasema rangi ya kijani. Mlinzi, ambaye hakuwa ameulizwa, alieleza tangu mwanzo jinsi bawaba zilivyoibwa. Wakati watu wanagombea rangi, mwanga ukumbini ulipungua taratibu. Mzee Akidi alikuwa ameshahamia ukingoni mwa kiti.

"Tumepokea!" hatimaye. Lango, bila rangi.

Mwenyekiti alimwinamia Kaimu, akafunika kipaza sauti kwa kiganja. "Inatosha. Ruka hicho cha mwisho. Soma utawala sasa hivi, tuinue mikono kabla mzee hajatoroka. Hicho chumba tutakiangalia mwakani."

"Mwakani hakitakuwepo, Mwenyekiti."

"Kaimu. Kiti hiki hapa. Mama yako yule pale."

Kaimu akatazama. Mama yake alimtazama pia, akampungia mkono kidogo, kama anavyompungia mtoto anayepanda jukwaani kuimba shairi. Kiti kikubwa kilikuwa karibu kiasi kwamba upindo wa gauni ulikigusa. Upande wa pili, Mzee Akidi alikuwa amesimama, mwavuli mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeomba radhi kwa jambo lililo nje ya uwezo wake.

"Soma mwanangu," alisema. "Sentensi moja tu, nainua mkono, naondoka."

Sentensi moja. Kaimu alikuwa nazo mbili mdomoni, na mlango wa kupita moja.

"Fanikio la nne," alisema kwenye kipaza sauti. "Chumba cha watoto."

Mwenyekiti alifumba macho.

"Mimi nina la kusema," mwalimu wa hesabu alisimama tena. "Sipingi watoto. Watoto ni baraka. Lakini mtihani wa mwisho uliopita, kuna mmoja alilia kutoka swali la kwanza mpaka la mwisho."

"Alikuwa anaota jino!" alijibu Shangazi, mama mnene aliyekuwa akilea watoto wale pale stoo, na ambaye hakuna aliyejua ni shangazi wa nani hasa. Alikuwa amesimama kando ya jukwaa, kambeba mmoja, mwingine kamng'ang'ania sketi. "Na wewe mwalimu, juzi nani alikuja kujificha chumbani kwangu, bata akimfukuza? Watoto walilalamika?"

Kicheko kilipasuka. Juu ya kicheko hicho, kwenye bati, likasikika tone moja. Halafu la pili.

Mzee Akidi hakuaga. Aliyekuwa akimtazama anasema alitoka kwa hatua za kawaida. Aliyekuwa nje anaapa kwamba mzee alikimbia akaipita mvua, akaiacha nyuma kwenye kona ya barabara, akafika kwake mkavu kama karanga za kukaanga.

"Tumepokea!" ukumbi ulisema. Wa kwanza kulisema, nakupa hili bure, alikuwa mwalimu wa hesabu. Rais wa wanafunzi alikuwa amegeukia ukutani, anarekebisha kanga ya mtoto ambayo haikuwa imelegea.

Kaimu alisoma sehemu ya Wanafunzi: walioingia, waliohitimu, mmoja aliyefariki, ambaye kwa ajili yake wote walisimama na mvua ikawasaidia kunyamaza. Kisha akafungua ukurasa wa Utawala. Sentensi ilikuwa imeandikwa pale kwa mwandiko wake, safi, kwamba nafasi imejazwa. Akairuka kwa macho. Akasema ile ya zamani, kwa sauti ileile ya miaka yote.

"Nafasi ya Mkuu wa Chuo iko wazi."

Mkutano ulipokwisha, watu walijibana barazani wakisubiri mvua ipungue. Kaimu alishuka jukwaani. Mumewe alimpokea, akamtazama kuanzia begani mpaka pindoni, akaona yote bila kuambiwa.

"Basi lile pindo nitaliacha," alisema. "Cheo kitanenepesha mwakani."

Mama yake alimshika mkono. "Sasa umekuwa Mkuu?"

"Bado, mama."

"Aa." Mama alifikiri. "Lakini umesoma vizuri. Mpaka nyuma walikusikia. Mimi mwenyewe nimesikia maneno mawili matatu." Akamfuta jasho shingoni kwa ncha ya kilemba, mbele ya watu, na Kaimu akamwachia.

Ndipo sauti ya Mwenyekiti ilipotoka jukwaani, imepanda ngazi mbili juu ya kawaida yake.

"Nani! Nani ameweka hiki kitu hapa!"

Kaimu alipanda akaangalia. Kwa kuwa mvua ilikuwa imemzuia kurudi stoo, na meza zote zilikuwa na makaratasi, Shangazi, aliyeachiwa mtoto mkutano ulipokwisha, alikuwa ametafuta mahali palipo laini. Juu ya mto mwekundu, katikati ya mikono ile minene, mtoto wa rais wa wanafunzi alikuwa amelala chali, mdomo wazi, ngumi zimefungwa kama mjumbe aliyeshinda hoja. Na chini yake, polepole, kwenye ngozi ile ambayo haikuguswa na Mkuu yeyote kwa miaka, doa lilikuwa linatanuka.

"Kiti cha Mkuu!" alisema Mwenyekiti. "Kaimu, kiti cha Mkuu!"

Kaimu alivuta kiti chake cha plastiki, akakaa, akaupa ule mguu uliolegea muda wa kujipanga.

"Si nimesoma mbele ya watu wote, Mwenyekiti?" alisema. "Kiko wazi. Mwache alale, mpaka mvua iishe."